Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NTSA: mnunuzi aione rekodi ya gari kabla pesa hazijatoka

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA),
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

KUH: UTAPELI KATIKA UUZAJI WA MAGARI YALIYOTUMIKA MTANDAONI

Sisi ni mafundi, wakaguzi wa magari na mawakala wa forodha tunaofanya kazi Nairobi na Mombasa. Kazi yetu ni kumkagulia mnunuzi gari kabla hajalilipia, lakini wengi hutufikia wakiwa wamekwisha kulipa. Tunakuandikia kwa sababu taarifa ambazo zingewaokoa hazihitaji kutafutwa mbali. Nyingine zimo katika mfumo wa ofisi yako, nyingine zimo katika ofisi jirani za serikali hiyohiyo. Zimetawanyika tu, na mnunuzi hajui aanzie wapi.

Mtapeli wa magari mara nyingi hata hahitaji bei nzima. Anahitaji pesa ya kushikilia gari: elfu kumi, elfu ishirini, pengine hamsini. Anaweka picha za Fielder safi kwa bei iliyo chini ya soko kwa laki mbili au tatu, anasema gari liko Mombasa na mteja mwingine analifuata jioni. Mnunuzi aliye Eldoret au Nyeri anapiga hesabu ya nauli na siku ya kazi atakayopoteza, anaona ni nafuu atume. Zikishatumwa kwa M-Pesa, njia ya kuzirudisha ni kuelekeza ujumbe ule wa malipo kwenye nambari 456 ya Safaricom, na inafaa kufanywa papo hapo, maana pesa zikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha. Jina linalojitokeza kabla ya kutuma nalo linawadanganya wengi. Jina hilo ni la aliyesajili laini, na laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine kabisa. Likitofautiana na jina la mwenye gari, mnunuzi asitume hata shilingi. Likifanana, bado hajathibitisha chochote kuhusu gari. Ushauri wetu kwa kila anayetuuliza ni mmoja: usilipe pesa ya kushikilia gari ambalo fundi wako hajaligusa.

Kuna utapeli mwingine ambao hata watu makini huingia, kwa kuwa kila kitu ndani yake ni cha kweli. Gari lipo. Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ni halali. Mwenye gari ni mtu mwaminifu. Tuseme ametangaza gari lake kwa Sh1,150,000. Tapeli ananakili picha zile na kulitangaza upya kwa Sh850,000, akiwa na nambari yake mwenyewe ya simu. Akipata mnunuzi, anampigia mwenye gari: "Nimekuletea mteja. Ni mtu ninayemdai, tutamalizana mimi na yeye, kwa hiyo usimtajie bei. Wewe nitakulipa bei yako yote." Kisha anamgeukia mnunuzi: "Utakayemkuta na gari ni shemeji yangu. Usizungumze naye habari za pesa, anataka kuniongezea bei." Wawili wale wanakutana, gari linaendeshwa, fundi analikagua, kitambulisho kinalingana na logibuku, upekuzi wa rekodi za NTSA unatoka safi. Mnunuzi anatuma Sh850,000 kwa akaunti aliyopewa kwa simu. Mwenye gari anasubiri pesa zake zisizokuja, na wote wawili wanaishia kituo cha polisi wakishukiana, huku mtu wa tatu ameshazima simu.

Kinga ya utapeli huu ni swali moja linaloulizwa ana kwa ana, aliyeshika funguo akisikia: unauza shilingi ngapi, na pesa ziingie akaunti ya jina gani? Anayekuzuia kuuliza hivyo, kwa sababu yoyote ile, ndiye mwizi. Malipo yaende benki, kwa akaunti yenye jina lilelile lililo katika rekodi yenu. Kiasi kikizidi shilingi milioni moja benki itatumia RTGS, yaani mfumo wa benki wa kuhamisha kiasi kikubwa, na jina la akaunti liandikwe kama lilivyo kwenye logibuku. Mwenye gari naye asikabidhi funguo kwa kuonyeshwa ujumbe wa simu au picha ya skrini. Afungue akaunti yake aone salio.

Hapa ndipo tunapoweka ombi letu la kwanza. Uhamisho wa umiliki sasa huanzishwa na mwenye gari katika akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mnunuzi anakubali katika yake. Tunaomba fomu hiyo imtake mwenye gari aandike bei waliyokubaliana na jina la akaunti ya kulipwa, na mnunuzi avione vyote viwili kabla ya kubonyeza kukubali. Mtu wa kati aliyetaja bei mbili tofauti atafichuka hapo hapo. Utapeli ule wote umesimama juu ya watu wawili waliokatazwa kuzungumza, na fomu yenu inaweza kuwazungumzisha.

Tuingie kwenye magari ya kukodi na yenye mikopo. Mhalifu anakodi gari kwa siku tatu, anachapisha logibuku bandia yenye jina linalolingana na kitambulisho alichonacho, analitangaza jioni hiyohiyo. Anaweza hata kukupa matokeo ya upekuzi yaliyohaririwa, yakiwa na nembo zenu. Kwa hiyo upekuzi wa muuzaji haufai kuaminiwa hata siku moja. Mnunuzi aufanye mwenyewe, kwa akaunti yake ya eCitizen, kwa Sh550, na kabla ya kutoka nyumbani. Aangalie jina la mwenye gari, nambari ya chesisi, nambari ya injini, mwaka wa kutengenezwa, rangi, na kama kuna zuio lolote. Jina likiwa la kampuni, aombe CR12, hati ya usajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi, na barua ya kampuni inayomruhusu muuzaji kuuza. Likiwa la mtu na benki kwa pamoja, mkopo haujafutwa, hata muuzaji aape vipi. Asikubali ahadi ya "nitalipa benki ukinipa pesa". Waende wote benki, salio la mkopo lilipwe moja kwa moja, barua ya kuondoa dhamana itoke ndipo uhamisho uanze.

Gumu zaidi ni mkopo ambao mkopeshaji hakuandikishwa kwenye logibuku. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya 2017, mkopeshaji anaweza kusajili dai lake katika rejista ya dhamana iliyo chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Upekuzi wake nao uko eCitizen, lakini kwenye ukurasa mwingine na kwa malipo mengine, na mnunuzi wa kawaida hajawahi kuusikia. Anafanya ule wa NTSA, unatoka safi, ananunua, na baadaye gari linakokotwa na watu wa mnada wakiwa na karatasi halali mkononi. Ombi la pili, basi: upekuzi mmoja wa nambari ya chesisi ulete majibu ya rejista zote mbili. Gari ni lilelile, na anayelipia upekuzi anauliza jambo moja tu, kama kuna mwingine mwenye haki juu yake.

Mnunuzi akilifikia gari, alinganishe chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo katika rekodi. Asitosheke na kibao cha bati, kwa maana kibao hung'olewa na kubandikwa kingine. Mahali pa kugongwa hutofautiana: katika magari mengine ni ukuta ulio nyuma ya injini, katika mengine ni sakafuni chini ya kiti cha abiria wa mbele. Apitishe kidole. Chuma kilichokwanguliwa huwa na mabonde, rangi yake hutofautiana na ya pembeni, na tarakimu hazikai kwenye mstari mmoja. Akiona mstari wa kuchomelea kuzunguka nambari, aondoke.

Chesisi yenyewe inasema umri. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile nambari ya herufi na tarakimu 17. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha nambari ya mfululizo. Toyota Fielder yenye NZE141 ni ya kizazi kilichokoma 2012. Ikitangazwa kama ya 2015, tangazo ni la uongo, kwani kwa mwaka huo ingekuwa ya kizazi cha 160, kwa mfano NZE161. Lebo zilizoshonwa chini ya mikanda ya usalama nazo huwa na tarehe. Vuta mikanda yote mpaka mwisho usome: tarehe ziwe karibu na mwaka wa gari na zikaribiane zenyewe kwa zenyewe. Mkanda mmoja wa mbele ukiwa mpya kuliko wenzake, uliza juu ya ajali na ukague mifuko ya hewa.

Mileji ndipo tunapoumia zaidi, Mheshimiwa, kwa sababu dawa yake ipo na haitumiki. Kurudisha nyuma odomita ya kidijitali ni kazi fupi kwa mtu mwenye kifaa chake. Gari lililotembea kilomita 210,000 linatangazwa kuwa na 78,000. Fundi anaweza kukisia kwa pedali ya breki iliyolika, ukingo wa kiti cha dereva uliochakaa, usukani uliong'aa, na katika baadhi ya magari kompyuta ya gia au ya breki bado inatunza kilomita za kweli. Lakini hayo ni makisio, na muuzaji atabisha. Kisichobishiwa ni karatasi. Kabla gari halijaondoka Japani, kilomita zake huandikwa katika cheti cha kuondolewa usajili kwa ajili ya kusafirishwa, na huandikwa tena kwenye cheti cha ukaguzi kinachotakiwa na KEBS, shirika la viwango. Nakala za gari linaloingia hufika serikalini. Mnunuzi wa pili au wa tatu, miaka mitano baadaye, hazioni. Upekuzi wenu hauna hata mstari mmoja wa mileji.

Ombi la tatu, ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote: kilomita zilizosomwa gari likiingia nchini ziandikwe katika rekodi yenu, kila gari linapopita kwenye kituo chenu cha ukaguzi zisomwe na kuongezwa pamoja na tarehe, na zitokee kwenye upekuzi. Hilo halihitaji mtambo. Linahitaji kisanduku kimoja kwenye fomu ambayo mkaguzi tayari anaijaza.

Kuhusu wanaoagiza gari moja kwa moja kutoka nje tutasema machache. Kwa kanuni ya KEBS iitwayo KS 1515, gari lisizidi miaka minane. Kwa 2025 maana yake ilikuwa lililosajiliwa mara ya kwanza 2018 au baadaye. Tangazo la gari la 2015 "linaloshuka Kilindini wiki ijayo" ni la kitapeli au la magendo. Bei nayo ina sakafu yake. Mamlaka ya Mapato (KRA) hutoza kwa kufuata CRSP, orodha yake ya bei za magari mapya, baada ya kupunguza uchakavu, si kwa risiti ya mnunuzi: ushuru wa forodha 35%, ushuru wa bidhaa kuanzia 20% kulingana na injini, VAT 16%, na ada nyingine juu yake. Ukipiga hesabu ukaona gari linauzwa kwa karibu na kodi yake peke yake, hakuna gari hapo. Na magari ya mnada wa forodha hutangazwa katika Gazeti Rasmi. Hayauzwi na "afisa" wa WhatsApp.

Kampuni ya Japani ina nambari ya shirika yenye tarakimu 13, na mtu yeyote anaweza kuitafuta bure kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi ya huko. Mnunuzi alinganishe jina na anwani, kisha atume pesa kwa akaunti yenye jina la kampuni hiyohiyo, si la mtu binafsi, na si ya nchi nyingine. Ikija barua pepe inayosema akaunti imebadilika, apige simu kwa nambari aliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo kwenye barua hiyo. Wezi huingia katika mawasiliano ya kweli na kubadilisha akaunti siku ya malipo.

Limebaki moja. Akaunti ya eCitizen ya mwenye gari ikitekwa, uhamisho unaweza kuanzishwa bila yeye kujua. Tunaomba nambari ya simu ikibadilishwa, gari lisiweze kuhamishwa kwa siku saba, na ujumbe wa tahadhari uende kwa nambari ya zamani na barua pepe pia.

Tuko tayari kuketi na wahandisi wa mfumo wako, Nairobi au Mombasa, tukiwa na mifano ya logibuku bandia, ya chesisi zilizokwanguliwa na ya matokeo ya upekuzi yaliyohaririwa, ili kisanduku cha mileji na fomu ya uhamisho vipangwe kwa kuzingatia namna wizi unavyofanyika hasa.

Wako waaminifu,
Mafundi, wakaguzi wa magari na mawakala wa forodha,
Nairobi na Mombasa