Harambee ya kamera kumi kwa watoto wa Likoni

Wazazi, walezi, majirani zetu wa Likoni na Mtongwe, na jamaa mlioko Nairobi na Uarabuni: salaam aleikum na hamjambo nyote.

Muhula uliopita shule yetu ilianzisha klabu ya picha kwa watoto wa gredi ya kwanza hadi ya tatu, kila Jumatano saa tisa alasiri. Tulianza na kamera mbili za kuazima. Sasa imebaki moja. Ile nyingine ilitudondokea siku tulipowapeleka watoto ufuoni Shelly, na maji ya chumvi hayana mswalie Mtume. Mwenyewe tumeshamlipa. Tunalisema mapema ili msije mkalisikia kwa watu.

Kuna mtoto wa gredi ya pili, jina lake tunaliweka kando, ambaye tangu aje shuleni hajawahi kuinua mkono darasani. Ukimuuliza swali, anatazama chini. Zamu yake ya kwenda na kamera nyumbani ilipofika, alirudi na picha kumi na moja. Kumi zilikuwa ukungu mtupu. Ya kumi na moja ilikuwa ya miguu: miguu miwili ya mwanamke, ndara za buluu, ya kulia imelika kisigino mpaka imekuwa kama karatasi. Pembeni kuna ndoo ya maganda ya viazi, na nyuma jiko la mkaa limewaka. Aliipiga akiwa chini ya meza, kwa sababu hapo ndipo anapofanyia kazi ya shule jioni, mamake akiuza viazi karai kando ya njia ya kwenda feri.

Mwalimu akamuuliza, "Hii ni picha ya nini?"

"Ni mama. Husimama hivyo mpaka watu wa feri wapungue."

Hatukuwa tumewahi kusikia maneno mengi hivyo kutoka kwake. Mamake tulimpa nakala. Aliitazama kitambo, kisha akacheka: "Kumbe hizi ndara zimekwisha hivi!"

Mtoto wa miaka saba hana maneno ya kukueleza kwamba anamwonea mamake huruma na fahari kwa pamoja. Hata sisi wakubwa hatuna. Na kuandika bado kunamtesa. Akimaliza kuhangaika na silabi, wazo limeshakimbia. Kamera haimngoji ajue silabi. Maneno yanakuja baadaye: picha inawekwa mezani, mtoto anaisimulia, mwalimu anaandika alivyosema bila kumsahihisha, kisha mwenyewe anayanakili yale maneno chini ya picha. Walimu wa gredi za chini wanajua ilivyo kazi kumfanya mtoto asome sentensi. Ile aliyoitoa kinywani mwake mwenyewe anaisoma bila kubembelezwa.

Hatukuibuni njia hii. Mpiga picha wa Marekani, Wendy Ewald, amekuwa akiwapa watoto kamera tangu 1969, na mafunzo yaliyotokana na kazi yake yamewafikia walimu wa shule za Arusha. Huku kwetu, mwaka 1997, vijana wa Mathare walio katika chama cha michezo cha MYSA walifundishwa kupiga picha kwa kamera za plastiki za bei rahisi, wakaonyesha mtaa wao wanavyouona wao wenyewe. Wale walikuwa wakubwa kuliko wetu, lakini wazo ni lile lile.

Watu wengine hututajia Mohamed Amin, yule mzaliwa wa Nairobi ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia. Naye alianza na kamera ya boksi akiwa mvulana wa shule. Ni sawa, na Mungu akitujalia mwingine tutashukuru, lakini klabu hii haimtafuti Mohamed Amin. Inamtafuta yule aliyeko chini ya meza.

Na Likoni si wageni wa kamera. Wengi wenu mnakumbuka vibanda vya mapicha pale feri miaka ya tisini, mapazia yamechorwa meli na ndege, mtu anasimama mbele yake na shati la Idi, anatuma picha kwao bara. Tofauti ni kwamba siku zile mtoto alisimamishwa, akaambiwa atulie. Safari hii ndiye anayewaambia wengine watulie.

Kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja aliuliza swali la haki: kwani simu hazipo? Zipo, na tulizijaribu. Simu ya mama ndiyo M-Pesa yake, ndiyo wateja wake. Haiwezi kulala kwa mtoto. Ikikubaliwa, baada ya dakika tano mtoto yuko kwenye katuni. Na picha za simu hufutwa nafasi ikijaa. Tunataka kamera ndogo isiyo na intaneti, isiyojua jambo jingine ila kupiga picha, na tunataka picha ichapishwe kwenye karatasi, mtoto aishike.

Somo lililowavutia kuliko yote, hata hivyo, halikutumia kamera wala senti. Tuliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi na maboksi, tukaacha tundu dogo upande wa jua. Macho yalipozoea giza, ukuta ukaanza kuonyesha mnazi wa uwanjani, kichwa chini miguu juu, na bodaboda ikapita juu ya dari. Kelele zilizopigwa zilimleta mwalimu mkuu mbio. Ustadh wa madrasa jirani alipopata habari alifurahi sana, akatukumbusha kwamba mwanachuoni Ibn al-Haytham aliliandika jambo hilo huko Misri miaka elfu moja iliyopita.

Sasa tuje kwenye pesa. Watoto ni arobaini, na tunataka kamera moja kwa kila watoto wanne: kamera kumi za mtumba, shilingi 6,000 kila moja, jumla 60,000. Kadi za kuhifadhia picha ni 7,000. Betri za akiba na chaja, 13,000. Kila mtoto achapishiwe picha kumi na mbili kwa mihula miwili, kwa shilingi 40 picha moja, ni 19,200. Mbao za maonyesho na fundi, 10,800. Yote ni 110,000. Wazazi wa klabu wameshachanga 23,500, kwa hiyo tunatafuta 86,500.

Tuma kwa paybill ile ile ya karo, na kwenye akaunti uandike PICHA ili mhasibu asizichanganye. Risiti zote tutazibandika kwenye ubao wa matangazo, kila mtu azisome. Ukiwa na kamera ya zamani inayolala kabatini, tuletee; mlioko Dubai, Doha na Muscat, mkija likizo mtupie moja kwenye sanduku.

Jambo moja zaidi, maana mmeuliza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia picha ya mtoto, na hata isingetaka sisi tungeitaka. Picha yenye sura ya mtoto haitawekwa mtandaoni. Zitatundikwa shuleni tu, na mzazi akikataa haitundikwi.

Harambee yenyewe ni Jumamosi ya kwanza baada ya kufunga shule, saa nne asubuhi, uwanjani chini ya mnazi ule ule. Viazi karai vitakuwepo. Picha ya ndara itatundikwa pia. Mamake ameruhusu, ila ametuomba tuwaambie mapema kwamba ameshanunua nyingine.