Kanda mama ni ya nani?

Torrance, California

Mdogo wangu,

Shikamoo yangu mfikishie Mama, umwambie nala nashiba, asinililie. Baada ya salamu, nina neno.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye basi mara tatu. Kumbe yule bwana wa studio kakuita tena, na safari hii ana karatasi ya mkataba! Mara ile ulimpigia gitaa usiku kucha, ukapewa chipsi na nauli ya matatu hadi Kisauni. Leo wimbo wachezwa kila harusi, na jina lako halimo.

Mji huu ninaokaa ndiko alikozaliwa mpiga gitaa Larry Carlton, mwaka 1948. Juzi nimenunua santuri kuukuu ya bendi ya Steely Dan ya 1976. Kuna mahali gitaa la Carlton laingia, nikasimama na mwiko mkononi hadi vitunguu vikaungua. Geuza jalada sasa: jina lake limebanwa katikati ya wenzake, kwa herufi kama za maelezo ya dawa ya kikohozi. Miaka ile alikuwa mpigaji wa kukodiwa. Aingia, apiga, alipwa siku yake, aenda studio nyingine. Rekodi ni za wenyewe.

Mwaka 1988 alipigwa risasi ya koo nje ya studio yake, hapa jirani Los Angeles. Sauti iliharibika, na mkono nao ukapata hitilafu ya neva. Akajifunza upya, akarudi jukwaani. Baadaye akaanzisha lebo yake mwenyewe, yaani kampuni ya kutoa rekodi, 335 Records, kwa jina la gitaa lake, Gibson ES-335. Mwaka 2011 yeye na mpiga gitaa Mjapani, Tak Matsumoto, wakapata Grammy kwa albamu ya ala tupu.

Unakumbuka Baba akitutuma duka la Mbwana Radio, Mji wa Kale, Mombasa, tununue kanda za taarab za Juma Bhalo? Walikuwa wakizinakili mle mle dukani kutoka kanda mama, ile rekodi ya asili. Nakala hutoka kwa mwenye kanda mama, na pesa hurudi kwake. Siku hizi waiita masta. Kutunga wimbo ni haki nyingine, mbali na masta. Wewe hukutunga tu, ulipiga pia. Tazama karatasi hiyo inasema nini kuhusu zote mbili, na ni kwa miaka mingapi.

Pesa ya dawa za Mama naituma Ijumaa. Karatasi ipige picha, kurasa zote, unitumie kabla hujashika kalamu. Akikuharakisha, mwambie dada yako ni mkorofi.

Ni mimi dadako