Koliflawa ikigoma kufunga, usikimbilie kulaumu mbegu

Ndugu Mhariri,

Wenye bustani za nyumbani Kigamboni, Goba na Bunju hulalamika kwamba koliflawa zao hutoa majani matupu, na lawama huishia kwa muuza mbegu. Mara nyingi anaonewa. Koliflawa ni ndugu wa kabichi, asili yake pwani ya Mediterania, na hufunga kichwa vizuri kwenye nyuzi joto 15 hadi 20. Januari mchana Dar hupita 30, kwa hiyo mmea huendelea kuota majani, au kichwa hutoka kimeachana na vijani vimechomoza katikati. Ndiyo maana sokoni tunategemea za milimani, kama Lushoto.

Anayetaka kujaribu pwani atafute mbegu za kitropiki. India ilipata koliflawa kutoka Uingereza mwaka 1822, na wakulima wake, kwa kuchagua mbegu msimu hadi msimu, wakapata aina zinazostahimili joto. Sia katikati ya Aprili, kitalu kikiwa kimeezekwa, kwani masika yakituamisha maji, kinyausi (ugonjwa wa kuoza shina la miche) hufyeka miche yote. Hamisha ikiwa na wiki 4 na majani manne au matano. Mche uliozeekea kitaluni hutoa kijichwa kama kifungo cha koti, hata uumwagie samadi lori zima. Acha sentimita 45 kati ya miche na 60 kati ya mistari. Hapo aina za muda mfupi zitafunga Julai, Dar ikijifanya ina baridi.

Udongo wa kichanga huishiwa upesi boroni, kirutubisho ambacho mmea huhitaji kwa kiasi kidogo: shina huwa na uwazi ndani, kichwa hupata madoa ya kahawia. Gramu 10 za boraksi (chumvi yenye boroni) ndani ya maji zinatosha mita za mraba 10. Ukizidisha utaunguza mimea. Kichwa kikifika upana wa sentimita 6, kifunike kwa majani yake yenyewe na uyafunge kwa kamba ya mgomba, maana jua hukigeuza njano. Njano hiyo haidhuru mlaji, ingawa wanunuzi huikimbia.

Gramu 100 mbichi zina takriban miligramu 48 za vitamini C, na kalori 25 tu. Vitamini hiyo huyeyuka majini, hivyo anayechemsha nusu saa kisha akamwaga maji amemwaga faida. Ipike kwa mvuke dakika 5 au 6. Na yale majani machanga ya ndani ambayo muuzaji huyakata na kuyatupa, hupikika kama sukuma wiki.

Wataalamu wa kilimo cha bustani,
Dar es Salaam