Makanisa yakituma familia misheni, yaitunze familia nzima

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na makanisa ya Mombasa kuhusu familia ambazo yanazituma nchi za nje kufundisha na kuhubiri Injili. Tunaziwekea mikono, tunaziaga kwa vigelegele, kisha chakula chao, matibabu yao na karo ya watoto wao tunamwachia Mungu peke yake. Sisi tuliochanga mara moja tunajiona tumemaliza.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Historia na somo la Dini hapa Kisauni. Binti yangu na mumewe wako Malawi, wametumwa na kanisa moja la hapa mjini ambalo sitalitaja, kwa sababu si hilo peke yake lenye desturi hii. Mkwe wangu anafundisha Agano la Kale katika chuo cha Biblia, na mwisho wa wiki huzunguka makanisa ya vijijini, mara nyingi akiwa amebebwa kwenye baiskeli za kukodi ambazo huko huitwa kabaza. Binti yangu alikuwa mwalimu wa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali ya Kenya. Aliacha kazi ili ndoa yake isigawanywe na mipaka. Huko anawafundisha wake za wanachuo kusoma na kuandika, kwa sababu wengi waliachishwa shule mapema, na mume akishakuwa mchungaji watu humtarajia mkewe aongoze akina mama na kuwasomea Maandiko. Jioni anawasaidia wanachuo wenyewe kusahihisha Kiingereza cha insha zao. Jumapili anafundisha watoto.

Hiyo ni kazi ya kutwa. Lakini barua ya kutumwa iliyosomwa mbele ya madhabahu ilikuwa na jina moja tu, la mumewe. Posho ni ya mtu mmoja. Yeye na wanawe wametajwa kwa maneno mawili: "na familia".

Sisi watu wa Mombasa hatuna udhuru wa kutolijua jambo hili, maana makaburi yake yako kwetu. Johann Ludwig Krapf alifika hapa 1844, ametumwa na shirika la wamishonari la Church Missionary Society la London. Kila mtoto aliyepita darasani kwangu anaweza kukueleza hilo, na kwamba alikuwa Mjerumani, na kwamba aliuona Mlima Kenya 1849. Muulize mkewe aliitwa nani, atanyamaza. Aliitwa Rosine. Walikuwa wametokea Habeshi (Ethiopia), ambako tayari walikuwa wamempoteza mtoto safarini. Julai ya mwaka ule ule wa 1844 Rosine alijifungua, homa ikamshika, akafariki, na mtoto mchanga akamfuata baada ya muda mfupi. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Wakazikwa Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale.

Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi kuliona kaburi hilo. Wavulana walitaka habari za majahazi na milima. Wasichana ndio waliouliza maswali niliyoyapenda. Nani alimzalisha? Mama yake huko kwao alipata habari lini? Mmoja aliuliza kama Rosine naye alilipwa mshahara, wenzake wakamcheka, nikawanyamazisha kwa sababu hilo ndilo lililokuwa swali la historia siku ile.

Krapf aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi lile ni dalili ya kuwa mapambano ya Injili upande huu wa Afrika yameanza. Nimelisikia jambo hilo likihubiriwa tangu nikiwa msichana, na waumini hujibu amina. Simlaumu mgane aliyekuwa akitafuta faraja akiwa mgonjwa, peke yake, katika nchi ngeni. Ninaowalaumu ni sisi. Tumeligeuza chozi lake kuwa kanuni, kana kwamba mke na watoto wa mmishonari ni gharama inayojulikana tangu mwanzo na isiyohitaji kuwekwa kwenye bajeti.

Rabai, kituo chao cha misheni nje ya Mombasa, mambo ni hayo hayo. Johannes Rebmann, mwenzake Krapf aliyekuja 1846, tunamkumbuka kwa Kilimanjaro aliyoiona 1848. Mkewe Emma, waliyeoana 1851, alikaa naye katika kazi ile hadi alipofariki 1866. Ribe, kwa Wamethodisti, Rebecca Wakefield, mke wa mmishonari, alifariki 1873. Rebmann yeye alibaki, macho yakififia mpaka akapofuka, bila kurudi kwao hata mara moja kwa muda wa miaka 29. Alipoondoka hatimaye 1875, aliyekwenda naye Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa Wakristo wa kwanza kabisa wa Rabai. Ninapofikiria safari ile, simwoni mzee peke yake. Namwona na kijana wa Rabai anayempandisha melini, anayemkatia chakula na kumweleza ni mji gani ule unaoonekana, na yeye mwenyewe hajawahi kuufika. Kamati iliyomtuma ilikuwa mbali. Waliomtunza walikuwa wale aliokuja kuwahubiria.

Hilo ndilo linalonitia uchungu, kwa sababu nimeliona likirudiwa katika nyumba ya mwanangu. Binti yangu alipoanza kujifunza Chichewa nilimsimulia kwamba Rebmann naye alijifunza lugha ya pande hizo akiwa hapa hapa Rabai, kwa Salimini, mtu wa huko aliyekuwa ameletwa pwani utumwani, na kwamba kamusi yao ilitoka 1877, Rebmann akiwa ameshafariki. Akaniambia mwalimu wake yeye ni jirani anayeuza nyanya kando ya barabara ya chuo. Mama huyo humsahihisha mbele ya wateja, humrudisha nyuma na kumtaka aseme tena, na hamuuzii mpaka salamu zimekwenda sawa.

Kuna kipindi posho kutoka Mombasa haikufika. Ilikuwa baada ya Novemba 2023, Benki Kuu ya Malawi ilipoishusha thamani ya kwacha, fedha ya huko, hata bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44 na bei za vitu zikapaa. Mhasibu wa kanisa alisema anasubiri kamati ikutane. Kamati haikukutana, mwenyekiti alikuwa safarini. Yule mama wa nyanya aliona kwamba binti yangu amepita bila kununua, akapita tena, na tena. Jioni alikwenda nyumbani kwao na unga wa mahindi kwenye beseni, ameufunika kwa kitenge, na mboga juu. Hakuuliza chochote. Wao wana maisha magumu kutuzidi sisi tulioketi kwenye makanisa yenye feni na spika kubwa. Sisi tulitoa ahadi mbele za Mungu, na aliyeitimiza ni mama muuza nyanya wa Malawi ambaye hajawahi kuiona bahari yetu.

Kuhusu watoto, wengi wetu hatufikirii hata kidogo. Malawi shule ya msingi ni miaka minane kama ile tuliyokuwa nayo zamani. Huku tumehamia mtaala mpya, na mtoto anafanya tathmini ya kitaifa ya KPSEA akimaliza Gredi ya 6. Mjukuu wangu mkubwa alipokuja likizoni nilimpeleka shule ya jirani asikae bure. Mwalimu wa zamu, kijana mwema, alimuuliza namba yake ya tathmini. Hana. Alimpa kifungu cha Kiswahili asome. Alikisoma vizuri, lakini insha aliyoandika ilikuwa na Chichewa katikati, kwa sababu ndiko anakoota ndoto. Wakirudi kwa kudumu, ataanzia wapi? Nimeuliza kanisani, nikaambiwa Bwana atafungua njia. Naamini atafungua. Naamini pia kwamba kamati ya misheni ina walimu watatu ndani yake ambao wangeweza kukaa mchana mmoja na kulipanga.

Matibabu nayo yasubiriwe? Hospitali za serikali za Malawi hazitozi, lakini dawa zikiisha unaandikiwa ukanunue, na bima ya afya ya Kenya, SHA, haikusaidii kwenye duka la dawa la huko mtoto akiwa na malaria usiku. Na uzeeni? Alipoacha TSC, binti yangu aliacha na njia yake ya pensheni. NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, inapokea michango ya mtu asiye na mwajiri, kwa hiyo kanisa lingeweza kumchangia kila mwezi kwa jina lake, kidogo kidogo. Hakuna aliyewahi kulitaja.

Wapo watakaosema misheni ni kujitoa, na anayehesabu shilingi hajaitwa. Wengine wataniambia sadaka ni ndogo, wenyewe tuna paa linalovuja. La paa nalijua, nimechangia. Lakini kujitoa ni kwa yule anayekwenda, na wao wameshajitoa: nyumba wameihama, kazi wameiacha, mama zao wamewaacha. Anayebaki ana wajibu wake, nao ni kutunza. Paulo alifundisha bila kutaka kulipwa na kanisa la Korintho, lakini yeye huyo huyo aliwaandikia kwamba Bwana ameamuru waihubirio Injili wapate riziki kwa Injili. Na kama sadaka kweli haitoshi kwa familia, basi tusubiri, tuungane makanisa mawili matatu, ndipo tutume. Hakuna aibu katika kusubiri.

Nimeandika wakati huu kwa sababu kanisa lile lile linajiandaa kutuma familia nyingine kabla ya Krismasi, vijana wenye mtoto mmoja na wa pili njiani. Mume ataanzisha kanisa. Mke ni muuguzi, na tayari tunaambiwa kwa furaha kwamba atasaidia kwenye zahanati ya huko. Nawaomba wazee wa kanisa, kabla ya kuchapisha kadi za harambee, wakae na dada huyo mwenyewe wakiwa naye mezani, wamwandikie barua yake kwa jina lake na kazi yake, waseme posho yake ni kiasi gani na italetwa na nani mwenyekiti akisafiri, na wajue atajifungulia wapi na nani atakuwa naye siku hiyo.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa