Barua kwa Mama: macho ya Salim yapimwe mapema

Dresden, 14 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na wote hapo nyumbani; nami huku sijambo, isipokuwa baridi imeanza mapema mwaka huu. Dada Mwanaidi, ambaye najua ndiye atakayekusomea, nampa salamu nyingi na kumwomba asome polepole bila kuruka mistari, kwa sababu jambo lenyewe ni refu na haliwezi kuelezwa kwenye simu inayokatika kila baada ya dakika mbili.

Jumapili iliyopita tulipozungumza kwa video nilimwona mdogo wangu Salim amekaa nyuma yako, akifikicha macho kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu, kama mtu anayekanda unga. Kisha ukanieleza kwamba amebadilishiwa miwani mara ya tatu tangu mwaka jana, na kwamba mpima macho analalamika kuwa kijana anajibu ovyo akiulizwa herufi. Mama, maneno hayohayo niliambiwa mimi nilipokuwa na umri wake.

Unaikumbuka jioni ile tulipokwenda Raskazone kutafuta mwezi wa Idi, nikasema kwamba ninaiona miezi sita imepandana, watu wakacheka na marehemu Baba akanikemea kwa kuleta mzaha mahali pasipostahili? Sikuwa nikifanya mzaha. Hata nilipofumba jicho moja niliiona mingi vilevile, na usiku kila taa ya gari ilikuwa na mkia. Huo ni ugonjwa wa konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho, na madaktari huuita keratokonasi, kwa sababu konea huacha mviringo wake na kuchongoka kama pia ya kuchezea.

Konea yenye afya ina unene wa takriban maikroni 540 katikati, yaani nusu milimita na ziada ndogo. Kwa mwenye ugonjwa huu inakonda taratibu, mara nyingi chini kidogo ya katikati, na kwa kuwa ndani ya jicho mna maji yenye msukumo, pale palipokonda hufura kuelekea nje. Baba angelielewa mara moja, maana ndivyo tyubu ya baiskeli inavyotoa kijipu mahali ilipochakaa. Nuru ikipita kwenye kijipu hicho hutawanyika, na miwani haiwezi kuikusanya yote, kwa kuwa miwani hutengenezwa kwa ajili ya jicho ambalo mpindo wake una mpangilio, si kwa jicho lenye kilima upande mmoja. Ndiyo sababu Salim anajibu ovyo: herufi moja anaiona kama tatu, na hajui aitaje ipi.

Najua umebeba moyoni kwa miaka mingi kwamba macho yangu yaliharibiwa na koroboi niliyosomea. Tafadhali litue jambo hilo. Si koroboi, si kusoma usiku, wala si jicho la mtu, ingawa najua Bibi hatakubali hilo la mwisho. Urithi una sehemu yake, na kwa kuwa mimi ninao, ndugu yangu wa damu yumo hatarini kuliko kijana mwingine. Sehemu nyingine ni huko kufikicha. Macho ya Salim yanawasha tangu utotoni kwa sababu ya mzio, na kila anapoyafikicha anaisumbua konea ambayo huenda ni dhaifu tayari. Kwa hiyo mzio wenyewe utibiwe. Kitambaa safi cha maji baridi juu ya kope kitampunguzia muwasho, lakini zile dawa za matone zenye steroidi, ambazo duka la dawa huuza bila cheti, asitumie bila daktari wa macho kumsimamia, kwani zikitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Ugonjwa huu huanza mara nyingi wakati wa balehe na huendelea kwa miaka mingi kabla ya kutulia mtu anapokaribia miaka arobaini. Mimi niligunduliwa nikiwa na miaka 24, hapa hapa, baada ya kuwekwa kidevu kwenye mashine inayochora ramani ya konea kwa rangi, mfano wa ramani ya milima tuliyofundishwa shuleni. Jicho la kulia lilikuwa na maikroni 432 mahali pembamba kabisa, la kushoto 371. Nilizichukulia kuwa ni namba tu, hadi daktari aliponieleza kwamba matibabu ya kuukomesha ugonjwa, kwa utaratibu wake wa kawaida, yanahitaji konea isiyopungua 400. Jicho moja likawahi, jingine likachelewa.

Matibabu hayo, na hili lilinishangaza, yalibuniwa katika chuo kikuu cha mji huu huu ninaoishi, na mwaka 2003 watafiti Wollensak, Spoerl na Seiler walichapisha matokeo ya macho 23 ya kwanza. Jicho hutiwa ganzi ya matone, ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa, kisha hudondoshewa riboflavini, ambayo ni vitamini B2 yenye rangi ya manjano, kwa nusu saa. Nusu saa nyingine humulikwa mionzi ya urujuanimno. Dawa na mionzi kwa pamoja hufunganisha nyuzi za kolajeni ndani ya konea, kama unavyounganisha kili ili mkeka usifumuke. Nililala chali nikitazama wingu la buluu, bila maumivu yoyote. Maumivu yalikuja usiku, yakakaa siku mbili, machozi yakinitoka katika chumba nilichokifunga mapazia. Ninalitaja ili Salim asije akadhani amedanganywa. Na wewe Mama usije ukasema fedha zimepotea ukimwona bado anavaa miwani, kwa sababu kazi kubwa ya tiba hii ni kuuzuia ugonjwa usiendelee. Kuona vizuri hutafutwa kwa njia nyingine.

Njia yangu kwa jicho la kushoto ni lenzi ngumu, pana, inayokaa juu ya weupe wa jicho bila kuigusa konea. Kila asubuhi ninaijaza maji maalumu ya chumvi, ninainamia kioo kilicholazwa mezani, na kuipandisha taratibu ili kiputo cha hewa kisiingie; kikiingia, ninaanza upya. Siku ya kwanza nilipoivaa nilitoka nje nikasimama chini ya mti, nikagundua kwamba majani yake yanaonekana moja moja. Wachache ambao hata lenzi haiwafai hupandikizwa konea ya marehemu, upasuaji ambao daktari Eduard Zirm aliufanikisha kwa mara ya kwanza mwaka 1905 huko Olomouc, mji ulioko Cheki ya leo, lakini huko Salim hajafika, na sitaki afike.

Dada Mwanaidi, nakuomba uzipange karatasi zote za namba za miwani yake kuanzia ya zamani hadi ya sasa, uzipige picha na kunitumia, kwa sababu jinsi namba zilivyopanda ndiko daktari ataanza kuangalia. Mkienda hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, msiombe miwani. Ulizeni kipimo cha ramani ya konea, na semeni wazi kwamba kaka yake ana keratokonasi. Nauli na gharama ya kipimo nitazituma Ijumaa kwa namba yako. Jumapili nitapiga simu ya video baada ya Alasiri, na Salim akae mbele, mikono yake niione.

Mwanao akupendaye,
Hamisi