Goti la mbwa halipimwi kwa picha yoyote tu

Mhariri,

Wafugaji wanaotaka kuzalisha mbwa wao huomba siku hizi goti lipimwe kwa eksirei, nao hurudi nyumbani na namba moja: pembe ya uso wa juu wa muundi, yaani mteremko wa kichwa cha mfupa ulio chini ya goti. Namba hiyo haina maana ikiwa picha ilipigwa kwa ajili ya kutafuta ufa wa mfupa.

Picha ya kupimia inataka mbwa apewe dawa ya kumtuliza, alazwe ubavu, mguu unaopimwa ukiwa chini juu ya meza. Goti likunjwe nyuzi 90, na kifundo cha nyuma vivyo hivyo. Mwale uelekezwe katikati ya goti, lakini picha ifike hadi kwenye kifundo, kwa sababu bila kifundo hakuna mhimili wa muundi wa kupimia. Kisha tazama ncha mbili za chini za mfupa wa paja: zikipishana zaidi ya milimita 2 hivi, mguu umezunguka. Rudia picha, usiisahihishe kwa makadirio.

Pembe hupatikana kwa mistari. Wa kwanza, ambao ndio mhimili wa muundi, huanzia katikati ya vinundu viwili vilivyo juu ya muundi hadi katikati ya mfupa wa kifundo unaoupokea. Wa pili hupita juu ya uso wa muundi, kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, upande wa ndani. Pembe inayotakiwa ni ile iliyo kati ya mstari huu wa pili na mstari wa kukingama, yaani uliosimama nyuzi 90 juu ya ule wa kwanza.

Ukingo wa nyuma ndio unaowatenganisha wapimaji. Umeviringika, tena kivuli cha upande wa nje huufunika. Uso ukiwa na urefu wa milimita 20, alama moja ikipanda au kushuka milimita 1 tu, pembe hubadilika kwa karibu nyuzi 3. Kosa hilohilo kwenye mhimili wa milimita 180 ni kama theluthi moja ya uzi. Kwa hiyo nguvu zote ziende kwenye ukingo ule: kuza picha, pima mara tatu, uchukue wastani. Goti zima lina nafuu hapa, maana lile lenye ugonjwa wa muda mrefu huota mifupa midogo inayouficha ukingo kabisa.

Wastani wa mbwa wakubwa wenye magoti mazima huangukia mara nyingi kati ya nyuzi 18 na 25, ila wapo wanaovuka hapo bila kuchechemea maisha yao yote. Kumwondoa mbwa kwenye uzazi kwa sababu ya nyuzi 27 peke yake ni kumwonea. Alinganishwe na wazima wa aina yake.

Picha hiyohiyo hutoa na vipimo vingine. Urefu wa kano ya pia ya goti ukigawanywa kwa urefu wa pia yenyewe, jibu haliathiriwi na ukuzaji wa picha, kwa kuwa ni uwiano. Vipimo vya milimita vinaathiriwa, hivyo vinahitaji mpira wa chuma wa kipenyo kinachojulikana, uwekwe usawa wa mfupa. Ukiachwa chini karibu na sahani ya picha, hukuzwa kidogo kuliko mfupa, na mfupa husomeka mrefu kuliko ulivyo.

Ripoti ya kila goti iandike basi mkunjo wa goti, mpishano wa ncha za paja na idadi ya vipimo vilivyorudiwa. Mfugaji ana haki ya kuidai.

Madaktari wa mifugo, kitengo cha picha