Wazee wetu nao waingie kwenye marejeleo

Mhariri,

Nasimamia tasnifu za fasihi simulizi hapa Unguja, na kuna jambo limenikaa rohoni. Mwanafunzi anakwenda Kojani, kisiwani Pemba, anapokewa na mzee mvuvi, anaimbiwa nyimbo za baharini, anafafanuliwa hata maneno ambayo vijana wa hapohapo hawayajui. Tasnifu ikifika mezani kwangu, sura ya nne karibu yote ni ya mzee yule. Nikifungua marejeleo, ile orodha ya vyanzo mwishoni, simwoni. Wamo wanadharia wa Ulaya na Marekani, vitabu vyao kwa italiki. Mzee kaachwa ndani ya mabano: "mawasiliano binafsi", na tarehe.

Simlaumu mwanafunzi. Mwongozo aliopewa umefuata mtindo wa APA, utaratibu wa Kimarekani wa kuonyesha vyanzo, ambao hauyaingizi mahojiano ya namna hiyo kwenye orodha kwa kuwa msomaji hana pa kuyapata. Hoja hiyo ina uzito. Lakini APA hiyohiyo inakubali kuorodhesha rekodi iliyohifadhiwa mahali inapofikika, na mtindo mwingine wa namna hiyo, wa MLA, humworodhesha mhojiwa kwa jina lake. Tatizo basi liko kwetu: rekodi zinabaki kwenye simu ya mwanafunzi, na simu ikipotea, nyimbo zimekwenda nayo.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akashirikiana na mmisionari Taylor kuyaandika. Diwani ilichapwa 1940, wote wawili wameshafariki, na jina la Sikujua bado linatajwa kila Muyaka anaposomwa.

Naziomba idara za Kiswahili na maktaba za vyuo zipokee rekodi pamoja na tasnifu, kila moja ipewe namba. Kwenye marejeleo liandikwe jina kamili la msimulizi, kijiji chake, mwaka na namba hiyo. Asiyetaka kutajwa aheshimiwe, lakini aulizwe kwanza. Wengi tunawaficha bila kuwauliza, kisha tunasema ni maadili ya utafiti. Mzee akiulizwa, mara nyingi hutaja jina lake, la baba yake, na la aliyemfundisha wimbo. Huyo wa mwisho naye aandikwe.

Msimamizi wa tasnifu,
Unguja